Barua za Jenerali Leclerc: Mapinduzi ya Haiti kwa Kalamu ya Aliyeshindwa

Tarehe 7 Oktoba 1802, Jenerali Charles Leclerc alimwandikia shemeji yake barua ambayo wanahistoria wanaijadili hadi leo. Shemeji huyo alikuwa Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa. Leclerc, aliyemwoa Pauline, dada yake Napoleon, alikuwa kamanda wa jeshi lililovuka bahari ya Atlantiki kwenda kuirudisha mikononi mwa Paris koloni ya Saint-Domingue, nchi ambayo leo tunaiita Haiti. Katika barua hiyo alishauri kwamba weusi wote wa milimani waangamizwe, wanaume kwa wanawake, wabaki watoto wa chini ya miaka 12 tu. Nusu ya weusi wa tambarare nao wauawe. Na asibaki kwenye koloni hata mtu mmoja mwenye asili ya Afrika aliyewahi kuvaa cheo cha uofisa begani.

Humo humo alilalamika kwamba tangu afike hajaona lolote ila moto, maasi, mauaji, maiti na watu wanaokata roho, na kwamba moyo wake umenyauka.

Miezi michache tu kabla ya hapo, mtu huyo huyo alikuwa akiiarifu Paris kwamba kazi inakaribia kwisha. Kati ya barua zile za majigambo na hii ya kukata tamaa kuna mfululizo mzima wa barua na ripoti alizopeleka kwa Bonaparte na kwa Denis Decrès, waziri wa majini na makoloni. Mwaka 1937 mtafiti Paul Roussier alizikusanya na kuzichapisha mjini Paris. Ukizisoma moja baada ya nyingine unayaona mapinduzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na watumwa, na unayaona kupitia macho ya ofisa aliyetumwa kuyazima.

Koloni iliyokuwa na thamani kuliko zote

Kabla ya vita, Saint-Domingue ilikuwa mgodi wa Ufaransa. Sehemu kubwa ya sukari iliyoliwa Ulaya, na zaidi ya nusu ya kahawa, ilitoka kwenye mashamba yake. Kazi yote ilifanywa na watumwa wapatao nusu milioni, waliowazidi Wazungu kwa zaidi ya mara kumi. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba wenye mashamba waliona ni nafuu kununua mtu mpya kuliko kumtunza waliyenaye. Kwa hiyo wengi wa watumwa hao walikuwa wamezaliwa Afrika, hasa Kongo na Afrika Magharibi.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, hasa kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilikuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikiwa na watu wa Msumbiji na kuwashusha Saint-Domingue kwenyewe.

Usiku wa tarehe 22 Agosti 1791 watumwa wa tambarare ya kaskazini waliinuka, na mashamba ya miwa yakawaka moto. Miaka miwili baadaye, Agosti 1793, kamishna wa Ufaransa aliyekuwa huko, Sonthonax, alitangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini, na Februari 1794 Bunge la Paris likafuta utumwa katika makoloni yote. Aliyeinuka juu ya wote katika miaka hiyo ni Toussaint Louverture, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa huru, akawa jenerali wa Ufaransa. Aliwapiga Waingereza na Wahispania, akawashinda wapinzani wake wa ndani, na mwaka 1801 akatoa katiba iliyompa ugavana wa maisha. Nakala yake alimpelekea Bonaparte. Bonaparte hakupendezwa.

Maagizo ya siri

Leclerc alikuwa na miaka 29 alipokabidhiwa msafara. Tarehe 14 Desemba 1801 manowari zilitoka bandari ya Brest chini ya Admirali Villaret-Joyeuse, na nyingine zikatoka bandari tofauti za Ufaransa. Kwa jumla walipelekwa wanajeshi wapatao 20,000, wakafuatiwa na maelfu wengine.

Mfukoni alikuwa na maagizo ya siri ya Bonaparte ya Oktoba 1801, yaliyoigawa kazi katika awamu tatu. Katika awamu ya kwanza, Toussaint na majenerali wake wabembelezwe, waahidiwe vyeo na heshima, ili Wafaransa wapate kushika bandari na miji. Ya pili, wanaoendelea kupigana wasakwe. Ya tatu, viongozi wote weusi wakamatwe na kupelekwa Ufaransa, na wafanyakazi wa mashambani wanyang'anywe bunduki. Hadharani, Leclerc alitakiwa atangaze kwamba Ufaransa haina nia ya kumrudisha mtu yeyote utumwani.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jenerali huyu alikuwa na kalamu mbili: moja ya kuwaandikia watu wa kisiwani, nyingine ya kuwaandikia wakubwa wake. Anayesoma barua zake leo hana budi kujua kila moja imeandikwa na ipi.

Habari zilizozeeka njiani

Kutoka Brest hadi kuuona mwambao wa kisiwa, msafara ulitumia siku 46. Hiyo ndiyo ilikuwa kasi ya habari. Barua ya Leclerc iliyobeba ombi la dharura ilisafiri zaidi ya mwezi kufika Paris, na jibu likasafiri tena muda kama huo kurudi. Akiomba askari mwezi Mei, hawezi kuwatarajia kabla ya Agosti, hata kama waziri angetia saini siku ileile. Kwa kuwa meli iliweza kuzama au kutekwa, barua muhimu iliandikwa nakala mbili au tatu, kila moja ikapewa meli yake.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mara nyingi Bonaparte alijibu vita ambavyo havikuwepo tena. Alipokuwa akipongeza ushindi, Leclerc alikuwa ameshapoteza nusu ya jeshi. Alipotuma amri za kuwakamata majenerali weusi, Leclerc alikuwa anawategemea majenerali haohao kulinda miji. Mwezi Agosti alimwandikia Bonaparte waziwazi kwamba, kwa namna maagizo yanavyokuja, haelekei kuielewa hali aliyo nayo.

Barua hizo pia zina tarehe zisizo za kawaida. Ufaransa ya wakati ule ilitumia kalenda ya mapinduzi yake yenyewe, kwa hiyo barua ya 7 Oktoba 1802 imeandikwa tarehe 15 ya mwezi wa Vendémiaire, mwaka wa 11. Mwaka wa 11 wa jamhuri iliyojengwa kwa jina la uhuru na usawa ndio mwaka ambao jenerali wake aliomba ruhusa ya kuangamiza watu.

Christophe ajibu kwa moto

Msafara ulipofika mbele ya Cap-Français, mji mkuu wa kaskazini, mwanzoni mwa Februari 1802, Leclerc alimwandikia kamanda wa mji, Henri Christophe, akimtaka afungue bandari. Christophe, mtumwa wa zamani aliyekuwa amefikia ujenerali, alimjibu kwa barua kwamba hana amri ya kumpokea, na kwamba Wafaransa hawataingia mji huo ila uwe umegeuka majivu. Hata juu ya majivu hayo, alisema, ataendelea kupigana.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Februari mji uliteketezwa. Leclerc alishuka kwenye magofu.

Kwa Toussaint mwenyewe ilitumika barua ya aina nyingine. Bonaparte alikuwa amemwandikia Novemba 1801 kwa maneno laini, akisifu kazi yake na kumtaka amtii Leclerc. Waliobeba barua hiyo hawakuwa maofisa: walikuwa vijana wake wawili, Isaac na Placide, waliokuwa wakisoma Ufaransa, wakisindikizwa na mwalimu wao, Coisnon. Baba na watoto walikutana Ennery, usiku, baada ya kutengana kwa miaka. Toussaint alisoma barua, akaiangalia tarehe yake, akauliza kwa nini habari ya amani iliyoandikwa miezi mitatu nyuma imemfikia baada ya mizinga. Aliwaachia vijana wachague. Isaac alichagua Ufaransa, Placide akabaki kupigana upande wa baba yake. Tarehe 17 Februari Leclerc alimtangaza Toussaint kuwa mhalifu nje ya sheria.

Barua iliyotekwa

Si barua za Wafaransa pekee zilizotuachia habari za vita hivi. Tarehe 8 Februari Toussaint alimwandikia Jean-Jacques Dessalines, jenerali wake mkali kuliko wote, na barua hiyo ikaangukia mikononi mwa adui. Maelekezo yake ni ya mtu anayeijua nchi yake. Alimwagiza ajaribu kuichoma Port-au-Prince, barabara ziharibiwe, mizoga ya farasi itupwe kwenye chemchemi za maji. Sababu ya yote hayo aliitaja bila kuficha: mpaka masika yafike, yatakayowaondolea adui zao, silaha walizo nazo ni uharibifu na moto.

Toussaint hakuwa na elimu ya udaktari, lakini alikuwa ameyaona majeshi ya Ulaya yakija na kuzikwa. Waingereza walikuwa wamepoteza maelfu ya askari kisiwani humo kati ya 1793 na 1798, wengi wao kwa homa. Homa ya manjano huenezwa na mbu, jambo ambalo daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alilieleza mwaka 1881 na Wamarekani wakalithibitisha mwaka 1900. Mwaka 1802 hakuna aliyejua habari ya mbu. Toussaint alijua msimu, na hiyo ilimtosha.

Wafaransa waliokuwa na barua hiyo mkononi walikuwa wameupata mpango wa vita wa adui yao wiki ya kwanza tu. Haukuwasaidia kitu. Mvua haizuiliwi kwa kukamata barua.

Hesabu iliyopunguzwa

Machi 1802 vita vilifika kilele kwenye ngome ndogo ya Crête-à-Pierrot, juu ya mto Artibonite. Walinzi wake, waliopata watu 1,200 hivi, walizingirwa na jeshi kubwa mara nyingi kuliko wao. Wafaransa walishambulia mara kwa mara wakafyekwa kwa mizinga. Leclerc mwenyewe alijeruhiwa hapo. Usiku wa tarehe 24 Machi, walipoishiwa maji na chakula, walinzi waliwapenya Wafaransa na kutokomea. Ngome ilitwaliwa ikiwa karibu tupu.

Ofisa mmoja aliyekuwepo, Jenerali Pamphile de Lacroix, aliandika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1819. Anasimulia kwamba askari wake waliwasikia waliozingirwa wakiimba ndani ya ngome nyimbo za mapinduzi ya Ufaransa, wakaanza kutazamana: je, hao wanaowaita wakatili ndio wenye haki, na sisi tumekuwa watumishi wa siasa? Anasimulia pia jambo ambalo kila msomaji wa habari za vita anafaa kulikumbuka. Hasara ya Wafaransa, zaidi ya watu 1,500, ilimtia Leclerc uchungu mkubwa, naye akawataka majenerali wake waipunguze kwenye taarifa zao, kama alivyoipunguza yeye kwenye ripoti zake rasmi.

Kwa nini apunguze? Ripoti hizo hazikuishia mezani kwa waziri. Nyingine zilichapishwa kwenye gazeti la serikali, Le Moniteur, zikasomwa na wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sukari yao, na wazazi waliokuwa na vijana huko. Kwa hiyo kwenye karatasi Crête-à-Pierrot ikawa ushindi.

Mwaliko wa chakula

Mwishoni mwa Aprili Christophe alijisalimisha kwa masharti ya kubaki na cheo chake. Toussaint alifuata mwanzoni mwa Mei, naye Dessalines vivyo hivyo. Leclerc aliiarifu Paris kwa furaha. Toussaint alirudi shambani kwake Ennery, na ilionekana kana kwamba awamu ya pili ya maagizo ya Bonaparte imetimia.

Awamu ya tatu ilifanywa kwa barua. Tarehe 7 Juni Jenerali Brunet alimwandikia Toussaint, akimwita aje wazungumze mambo ya vikosi vya eneo lake, akimhakikishia kwamba hatapata rafiki mkweli kumzidi yeye, na kumwombea radhi kwa uduni wa makao ambamo angempokea. Toussaint alikwenda na watu wachache. Alikamatwa usiku uleule, akasafirishwa na familia yake hadi Ufaransa. Anasimuliwa kusema, alipokuwa akipandishwa melini, kwamba wameangusha shina tu la mti wa uhuru, na kwamba utachipua tena kwa kuwa mizizi yake ni mingi na imekwenda chini.

Ili kuhalalisha hila hiyo, Leclerc alitoa barua aliyodai Toussaint alimwandikia msaidizi wake, Fontaine, ambamo anafurahia ugonjwa unavyowala Wafaransa na kutania juu ya hospitali yao iliyoitwa La Providence. Wanahistoria kadhaa wana shaka kama barua hiyo ni ya kweli. Iwe ya kweli au ya kughushi, ilitumika kumshitaki mtu ambaye hakupelekwa mbele ya mahakama yoyote.

Orodha ya wafu

Kuanzia hapo sauti ya Leclerc inabadilika. Alikuwa amemwondoa adui yake mkubwa, lakini barua zake zinajaa vitanda vya hospitali. Mwezi Juni aliandika kwamba kila siku watu kati ya 200 na 250 wanaingia hospitali na wanaotoka hawazidi 50. Madaktari walikufa, na maofisa wa ugavi nao wakafa. Vikosi vipya vilishushwa bandarini vikiwa na bendera na ngoma, na baada ya wiki chache vilibaki majina kwenye daftari. Walikuwemo pia Wapolandi wapatao 5,000, walioingia jeshi la Bonaparte wakitumaini uhuru wa nchi yao wenyewe, wakajikuta wanapelekwa kuuzima uhuru wa wengine. Baadhi yao walihamia upande wa pili.

Mwezi Agosti alikiri kwa waziri kwamba kumwondoa Toussaint hakukutosha, kwa kuwa kuna viongozi 2,000 wa kuondolewa. Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko alivyokusudia. Majenerali wakubwa walipokuwa wamejisalimisha, waliobaki milimani ni makamanda wadogo, wengi wao wazaliwa wa Afrika, kama Sans Souci wa kaskazini, aliyeyarudia mapigano Julai 1802 baada ya Wafaransa kupanga kumkamata. Wengi wao hawakuwa na vyeo vikubwa vya kuwarubuni, wala hawakuwa na habari ya kuandikiana barua za heshima na Leclerc. Ndiyo maana katika barua zake wengi wao wanatajwa kwa jumla tu, kama majambazi.

Habari iliyomtangulia

Kilichomwangusha Leclerc, hata kabla ya homa, ni habari. Tarehe 20 Mei 1802 Paris ilipitisha sheria ya kuendeleza utumwa na biashara ya watumwa kwenye makoloni yaliyorudishwa kwa Ufaransa na mkataba wa amani wa Amiens kati yake na Uingereza. Huko Guadeloupe, koloni nyingine ya Ufaransa, Jenerali Richepance alizima upinzani wa ofisa Louis Delgrès, aliyejilipua pamoja na wenzake Matouba tarehe 28 Mei, kisha Julai akawarudisha watu utumwani.

Guadeloupe na Saint-Domingue ni majirani wa bahari moja. Mabaharia, wafungwa waliotoroka na barua za watu binafsi kutoka Ufaransa zilifikisha habari hiyo bandarini upesi kuliko tangazo lolote la serikali. Ahadi ya Leclerc kwamba hakuna atakayerudishwa utumwani ilikufa siku hiyo. Mwezi Agosti aliandika kwa uchungu kwamba weusi wote sasa wanaamini, kwa sababu ya barua kutoka Ufaransa, ya sheria ya biashara ya watumwa na ya amri za Richepance, kwamba nia ni kuwafanya watumwa. Kwamba uwezo wake wa kuwashawishi umekwisha na kimebaki kitisho. Alieleza pia, kwa mshangao usiofichika, jinsi watu hao wanavyokufa: wanakicheka kifo, na wanawake vilevile.

Hapa ndipo penye thamani kubwa ya barua hizi. Mwandishi wake hakuwa na sababu hata moja ya kuwasifu weusi wa Saint-Domingue. Alitaka kuonyesha ugumu wa kazi yake ili aongezewe askari na fedha. Lakini kwa kufanya hivyo aliandika ushahidi kwamba alikuwa akipigana na watu walioelewa siasa za Ufaransa vizuri kuliko alivyodhani, waliosoma sheria za Paris na kupima maneno kwa matendo.

Mmoja wa wanawake hao waliokicheka kifo tunamjua kwa jina. Sanité Bélair, ofisa katika jeshi la Toussaint, aliuawa Cap-Français tarehe 5 Oktoba 1802 pamoja na mumewe, Charles. Picha yake imewekwa kwenye noti ya gourde 10 ya Haiti. Siku mbili baada ya kuuawa kwake, Leclerc aliketi na kuandika barua ile ya maangamizi.

Mwisho wa kalamu

Barua ya 7 Oktoba haikuwa hasira ya siku moja. Leclerc alikuwa ameshaanza kuwaua kwa wingi askari weusi wa jeshi lake mwenyewe, wengine kwa kuwatosa baharini. Katikati ya mwezi huo maofisa wake Alexandre Pétion na Clervaux walimwasi na vikosi vyao, halafu Christophe, halafu Dessalines. Usiku wa kuamkia 2 Novemba 1802 homa ya manjano ilimuua Leclerc akiwa na miaka 30. Pauline aliisindikiza maiti yake hadi Ufaransa. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya wanajeshi 34,000 waliokuwa wamefika hadi wakati huo, 24,000 walikuwa wamekufa, na wenye nguvu za kushika bunduki hawakuzidi 3,000.

Mrithi wake, Rochambeau, alizidisha ukatili mpaka akaagiza mbwa wa kuwinda watu kutoka Kuba. Toussaint alifariki tarehe 7 Aprili 1803 katika baridi ya ngome ya Joux, mpakani mwa Uswisi, baada ya kuandika kumbukumbu za kujitetea ambazo Bonaparte hakuzijibu. Mwezi huohuo Bonaparte, ambaye ndoto yake ya himaya ya Amerika ilikuwa imezikwa pamoja na jeshi la shemeji yake, aliiuzia Marekani eneo zima la Louisiana. Tarehe 18 Novemba 1803 jeshi la Dessalines liliwashinda Wafaransa huko Vertières, na tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, Haiti ikatangaza uhuru wake.

Namna ya kuzisoma

Barua za ofisa wa vita zinavutia kwa sababu zimeandikwa moto ukiwa bado unawaka, kabla mwandishi hajajua mwisho wa habari. Lakini Leclerc anatuonyesha jinsi zinavyoweza kupotosha. Kuna Leclerc wa Le Moniteur, aliyepunguza idadi ya wafu. Kuna Leclerc wa matangazo ya hadhara, aliyeahidi uhuru asioamini. Na kuna Leclerc wa barua za siri, aliyekiri kushindwa ili aokolewe. Wote watatu ni mtu mmoja, tena mara nyingine katika juma moja.

Kwa muda mrefu waandishi wa Ulaya walieleza kushindwa huko kwa neno moja: homa. C.L.R. James, mwandishi kutoka Trinidad, alizitumia barua hizi katika kitabu chake cha mwaka 1938, The Black Jacobins, kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mbu waliua maelfu, ni kweli. Lakini mbu hawakuwafanya Pétion na Dessalines wahame na vikosi vyao, hawakuichoma Cap-Français, wala hawakuwapenya Wafaransa usiku huko Crête-à-Pierrot. Aliyesema hayo kwa uwazi kuliko wote ni Leclerc mwenyewe, alipoeleza kwamba ni habari ya utumwa iliyowainua watu dhidi yake.

Haiti ilijilipia uhuru wake kwa damu, na mwaka 1825 Ufaransa ikaitoza faranga milioni 150 kama fidia ya wenye mashamba, deni lililoielemea nchi hiyo kwa vizazi. Anayetaka kujua kama Ufaransa ilikuwa na haki ya kudai fidia hiyo asianze na hotuba za wanasiasa wa 1825. Aanze na barua za 1802, ambamo kamanda wa Ufaransa ameorodhesha, kwa mkono wake, nini kilikuwa kimekusudiwa kwa watu wa Haiti endapo wangeshindwa.